Alpikitap: Kiingereza nilichokikuta kwenye zamu ya usiku

Usiku wangu wa tatu kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee mjini Leicester, Uingereza, nesi wa zamu alichungulia chumba nilimokuwa nimekaa na mzee mmoja aliyekuwa hapati usingizi. Akamtazama yule mzee, akatabasamu, akaniambia haraka haraka, "He'll drop off in a minute," akafunga mlango.

Mimi nilisikia "hi drop of". Drop nalijua tangu kidato cha kwanza: kudondoka, kudondosha. Basi nimeambiwa mzee huyu ataanguka kitandani. Nikasogeza kiti, nikashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, macho sibandui kwake, moyo unanidunda. Mzee akafumba macho, akaanza kukoroma. Sikuachia. Nesi aliporudi baada ya kama nusu saa alinikuta vilevile. Akaniuliza kwa kunong'ona, "Has he dropped off?" Nikamjibu hapana, sijamwacha aanguke. Alinyamaza kidogo, kisha akalaza shavu kwenye kiganja chake na kufumba macho. Ndipo nikaelewa. Drop off ni kupitiwa na usingizi.

Katika ile nusu saa kengele za vyumba viwili ziliita, na mwenzangu akazipokea peke yake. Wazee wawili walisubiri kusaidiwa kwenda chooni kwa sababu mimi sikuelewa "off". Hilo liliniuma, na bado linaniuma nikilikumbuka.

Nilifika Leicester mwaka 2022. Februari mwaka huo Uingereza ilikuwa imeingiza kazi ya kuhudumia wazee kwenye viza ya wafanyakazi wa afya, na watu wengi tuliokuwa nyumbani tukaona mlango umefunguka. Masharti yalitaka Kiingereza cha daraja la B1, yaani cha kiwango cha kati. Nilifanya mtihani Dar es Salaam, nikafaulu kwa alama zilizozidi zile zilizohitajika. Tena Morogoro nilikuwa nimekaa ofisini miaka 11, barua zote za Kiingereza zinapita mikononi mwangu. Sikwenda kule nikiwa na wasiwasi wa lugha. Wasiwasi wangu ulikuwa baridi.

Kumbe Kiingereza nilichobeba kilikuwa cha karatasi. Shuleni tuliimba darasa zima: I shall go, you will go, he will go, we shall go. Mwalimu wetu alikuwa mtu makini na alitufundisha kwa moyo kile alichopewa. Baadaye nilikuja kusoma kwamba kanuni ile ya kusema shall kwa "mimi" na "sisi" iliandikwa mwaka 1653 na John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, katika kitabu cha sarufi alichokiandika kwa Kilatini ili kuwasaidia wageni. Wageni kama sisi, karibu miaka 370 kabla ya safari yangu. Katika muda wote niliofanya kazi pale sijamsikia mfanyakazi mwenzangu hata mmoja akisema "I shall". Shall niliyoikuta ni ya kuomba ruhusa au kumshauri mtu: "Shall I turn it off?" "Shall we get you up?" Hiyo inasemwa kutwa nzima.

Na vitenzi pia. Shule ilinipa postpone, tolerate, investigate, resemble. Kule ndani, kwa maana zilezile, nikakuta put off, put up with, look into, take after. Shule ilinipa remove. Naomba nisimame kidogo hapa kwenye remove, maana hapo ndipo nilipoanza kuona.

Bibi wa chumba namba tisa alikuwa na sweta la vifungo analolipenda, la rangi ya zambarau. Kila jioni ilikuwa lazima avuliwe ndipo avae nguo za kulalia. Mimi nilikuwa nampigia magoti mbele ya kiti chake na kusema kwa adabu yangu yote, "I will now remove your cardigan." Kila nikisema hivyo bibi anakunja mikono kifuani, anashika sweta lake kama anayeibiwa. Nikadhani hanipendi. Siku moja akaja dada mmoja kutoka Bulawayo, Zimbabwe, mtu mzima kuliko mimi, aliyeifanya kazi hii miaka mingi. Akapiga magoti palepale nilipokuwa mimi. "Let's get this off, my love. I'll hang it up for you." Bibi akanyoosha mikono yote miwili kama mtoto anayevuliwa shati.

Maana ni ileile. Sweta ni lilelile. Lakini "I will now remove" kwa sikio la yule bibi ilikuwa sauti ya askari, ya daktari wa zamani, ya mtu anayetangaza jambo atakalolifanya upende usipende. "I'll hang it up" ilikuwa sauti ya binti yake. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kufupisha ni uvivu wa kusema, na kwamba mtu msomi anatamka neno lote. Nimekaa na wazee wa Kiingereza, nimewasikiliza usiku na mchana, na nasema bila kusita kwamba si kweli. Kile kifupi ndicho cha karibu. Kirefu wanakiweka mahali pake, na mahali pake nitapafikia.

Shida ni kwamba kifupi nilikuwa sikisikii kabisa.

Sisi wakati ujao tunauweka wazi. Nitakuja, tutaondoka, watakuletea: ile -ta- imekaa katikati ya kitenzi, ina irabu yake, haifichiki. Sikio la Mswahili linaisubiri. Kiingereza cha watu wa Leicester kinachukua will nzima, kinaifinya mpaka inabaki "l" peke yake, na hiyo "l" nayo inabandikwa nyuma ya "I" au "she" mpaka inayeyuka. Tena kule "I'll" hata haisikiki "ail" kama nilivyofundishwa, inasikika "al". "It'll" inasikika "ito". "That'll do" nilikuwa naisikia "dhato du", na nilidhani ni jina la kitu. Mtu ananiambia habari ya kesho, mimi nasikia habari ya sasa, au nasikia amri.

Halafu kuna mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio langu lilikuwa limezoea kutafuta uzito hapo. Wao wanaposema "I'll pick you up", uzito wote unaangukia mwishoni kabisa, kwenye "up". Nilikuwa nashika "pick" kwa nguvu na kuiacha "up" ipite, kumbe "up" ndiyo iliyobeba maana.

Dada wa Bulawayo ndiye aliyeniambia niache kukamata neno mojamoja. Nikamate sentensi yote kama inavyotoka mdomoni, hata kama siielewi, niende nayo nyumbani. Nikanunua daftari dogo la kuingia mfuko wa sare. Na hapa Kiswahili kilinisaidia kuliko kitu chochote, kwa sababu sisi tunaandika tunavyosikia. Ukurasa wa kushoto niliandika sauti kwa tahajia yetu: alpikitap. Ukurasa wa kulia, baada ya kuuliza, nikaandika Kiingereza chake, "I'll pick it up", na chini yake kwa wino mwekundu, nitakiokota. Siku nyingine: itlwerof. "It'll wear off." Ganzi itaisha. Wilgechuap. "We'll get you up." Tutakuinua. Alpopinleta. "I'll pop in later." Nitachungulia baadaye. Hadotaldropitof. Hiyo ilinichukua siku mbili: "Her daughter'll drop it off." Binti yake atakileta, atakiacha mapokezi.

Daftari lilipofika kama kurasa 20 nikaanza kuona kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Hata sisi tunafanya hivyo! Hakuna mtu Morogoro anayesema "nitakuja" akiwa na haraka. Anasema "ntakuja". "Ntakupigia." "Stoweza." Ile "ni" inapoteza irabu yake, inabaki pumzi ya puani. Na mgeni aliyejifunza Kiswahili kitabuni akifika Kariakoo akaambiwa "ntakpgia" anapotea kama nilivyopotea mimi. Tunaandika nitakupigia, tunasema ntakupigia, na hakuna anayemwona mwenzake mvivu. Siku nilipoligundua hilo nilikuwa kwenye basi, narudi kulala, na niliacha kuona Kiingereza chao kama kitu cha kunitega.

Hata ile habari ya "pick it up" na si "pick up it" ikatulia. Jina likiwa zito linaweza kukaa mwisho: "pick up the tray". Kikiwa kiwakilishi kama it, her, them, lazima kiingie katikati. Na sisi tunaweka wapi? Nita-ki-okota. Katikati. Ila wako wasiokubali kupasuliwa, kama "look after her", na hao nimewakariri hivyohivyo.

Sasa nieleze jambo lililonifanya nisiyachukulie haya kuwa mambo ya sarufi tu.

Asubuhi moja ya kipupwe, kabla hakujakucha, nilikwenda kumwamsha bibi wa chumba namba tisa. Huyu alikuwa mtu wa kuamka kabla ya wote. Siku hiyo hakutaka. Nikimgusa anageuza uso ukutani. Nikachukua simu ya ndani nikampigia nesi, aliyekuwa ghorofa ya chini anagawa dawa. Nikamwambia, "She won't get up."

Nilichotaka kusema ni kwamba amekataa kuinuka. Nilichotamka ni "shi wonti get ap". Kwa mdomo wangu won't na want zilikuwa neno moja, na wageni wengi tunaruka ile "s" ya wants na ile "to", kwa hiyo nesi alisikia sentensi ya mgeni ya kawaida: anataka kuinuka. Akanijibu, "Okay, get her up then. I'll be up in a bit." Nami nikasikia amri. Nikarudi, nikamwambia bibi kwa upole, nikaweka mkono mgongoni pake. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. Namshukuru Mungu niliacha palepale. Nikamfunika blanketi, nikakaa naye, nikamshika mkono. Nesi alipanda baada ya kumaliza dawa, karibu saa nzima. Alipofunua blanketi na kuuona mguu ulivyolala, aliita gari la wagonjwa bila kusema neno. Nyonga ilikuwa imevunjika. Aliteleza usiku alipokwenda chooni peke yake.

Alifanyiwa upasuaji, akarudi. Lakini ile saa moja alilala na maumivu yale kwa sababu ya irabu moja. Ripoti iliandikwa, na nilieleza yote kama yalivyokuwa. Nesi hakunigombeza. Jioni alikaa nami chumba cha chai, akanitamkia mara nyingi: she won't, she wants, she won't, she wants. Won't midomo inaanza kwenye "o" na kujikusanya mpaka "u", kama unataka kupuliza mshumaa: wount. Want mdomo unabaki wazi na sauti ni fupi, iko kati ya "o" na "a". Nilifanya mazoezi mbele ya kioo wiki nzima. Tangu siku hiyo nimejiwekea sheria yangu: jambo likihusu maumivu, dawa, au mtu kukataa chakula, sitegemei kifupi hata kama nimekimudu. Nasema, "She is refusing to get up." Neno zima, pole pole. Huko ndiko mahali pa kirefu pa kwanza nilipopajua.

Niliwahi kujiuliza kwa nini wasiseme "willn't" tu, ikaeleweka. Kumbe zamani will ilikuwa na ndugu yake, woll, wote wawili wakitumika. Kwenye kukubali ikabaki will, kwenye kukataa ikabaki ile nyingine, woll not, mpaka ikawa won't. Kujua hilo kulinisaidia kuitamka, maana sasa naisikia ile "o" ya zamani ndani yake.

Na won't ina tabia nyingine ambayo Mswahili anaielewa mara moja akionyeshwa. Mashine ya kunyanyulia wagonjwa ikikwama, wanasema, "It won't go up." Mlango hausogei: "It won't shut." Runinga haizimiki: "It won't turn off." Umbo ni la wakati ujao lakini kitu kinatokea sasa hivi. Nilihangaika nalo mpaka nilipokumbuka tunavyosema gari limegoma, gari limekataa kuwaka. Sisi pia tunakipa kitu roho ya ubishi. "The car won't start" ni hiyohiyo, haina tofauti.

Simu ilikuwa mtihani wake. Usoni mtu anakusaidia kwa mikono na macho. Kwenye simu umebaki na sauti peke yake. Nilipiga kwenye kliniki ya daktari kuulizia dawa za mzee mmoja. Mpokezi akasema, "Hang on, I'll put you through." Hang niliijua kutoka hang up, kukata simu, basi nikakata. Nikapiga tena, nikapanga foleni ya simu upya, akasema vilevile, nikakata vilevile. Hang on ni ngoja usikate. Hang up ni kata. Put you through ni nakuunganisha. Maneno matatu hayo yangeniokolea dakika 40 siku ile, na mzee angepata jibu kabla ya chakula cha mchana.

Halafu nikajifunza kutofautisha "I'll call you back" na "I'll get back to you". Ya kwanza mtu anakurudia kwa simu, mara nyingi siku hiyohiyo. Ya pili anakwenda kutafuta jibu. Inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa wiki ijayo, na ukikaa kando ya simu unajitesa. Familia za wazee nikiziambia la pili, nataja na siku: "I'll get back to you on Thursday." Wanatulia.

Kosa lililodumu kwangu muda mrefu kuliko yote ni la kuandika, na limetoka moja kwa moja kwenye Kiswahili. Kwenye kitabu cha makabidhiano ya zamu niliandika, "I will inform her son when he will arrive." Kwetu ni sahihi kabisa: nitamwarifu atakapofika. Ile -taka- ni ya wakati ujao, kwa hiyo mkono unaandika will mara mbili. Wao wakishasema will upande mmoja, upande wa when, if, until, as soon as wanauacha katika hali ya sasa. "I'll let him know when he gets here." "We'll start her off on soup when she comes round." (Come round hapo ni kurudiwa na fahamu, baada ya dawa ya usingizi; hiyohiyo ikisemwa jioni ya Jumapili ni kuja kututembelea. Usikilize anayezungumziwa yuko wapi.) Nimesahihishwa kosa hilo zaidi ya mara kumi, na kila aliyenisahihisha nilimshukuru.

Gonna, yaani going to iliyofinywa, nayo utaisikia, na ni lazima uisikie, lakini kwenye ripoti usiiandike. Tofauti yake na 'll nilijifunza mlangoni. Kengele ya mlango ikilia, yule anayesimama anasema, "I'll get it." Kaamua sasa hivi. Aliyeamua tangu asubuhi kwamba leo anapanga kabati la dawa anasema, "I'm gonna sort that cupboard out." Na binti aliyekwishapanga na kila mtu saa ya kumchukua mama yake anasema, "I'm picking her up at four," kama sisi tunavyosema naondoka kesho. Niliposema "I am going to get it" kengele ilipolia, wenzangu walifikiri nilikuwa namsubiri mgeni wangu.

Kuna na ya Leicester yenyewe. Asubuhi mtu anasimama na kusema, "I'll mash, duck." Mash pale ni kutia chai, na duck ni kama sisi kumwita mtu mpenzi au mwanangu. Haimo kwenye vitabu nilivyosoma. Siku nilipoitamka mimi, "I'll mash", mzee mmoja aliyefanya kazi kiwandani maisha yake yote alipiga meza kwa furaha, akaniita wa kwao.

Sasa binti wa dada yangu yuko Kihonda anajiandaa kwa mtihani. Ananitumia sauti za WhatsApp usiku. "Shikamoo mama mdogo." Marahaba mwanangu. Juzi kanitumia orodha ya vitenzi 300 vya namna hii, get away, get by, get on, get over, imepangwa kwa alfabeti, anaikariri. Nikamwambia, mwanangu, chukua kwanza neno moja la kwetu. Chukua pita. "Nitapita" ni kupita tu njiani. Ongeza "i" moja: "nitakupitia saa kumi", maana yake nitakuja kukuchukua twende wote. "Tutapitisha" ni sisi wajumbe kwenye kikao. "Alipitiwa" ni usingizi, au kasahau. Herufi moja mbili za mwisho zimebadilisha kila kitu, na hukuzikariri kwenye orodha. Ulizisikia jikoni kwa mama yako. "Nitakupitia" kwao ni "I'll pick you up". "Alipitiwa na usingizi" ni "he dropped off". Kile tunachofanya kwa -ia na -isha na -wa, wao wanafanya kwa up na off na out. Na pale wanaposokota get na put kwa mambo mia, sisi tuna piga: piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga picha, na hapana anayechapwa.

Akaniuliza, basi aanzie wapi. Nikamwambia aanze na sentensi tano za watu halisi, si vitenzi vitano. Azitamke zikiwa zimeungana, na azipe uzito mwishoni. Nikamtumia kwa sauti yangu: al kol yu bak. Akanirudishia: ai wil kol bak yu. Tukarudia mpaka vocha ikaisha. Tunarudia kila Jumapili.

Na yako majibu ambayo hayafupishwi kabisa. Mtu akikuuliza "Will you ring her up?" huwezi kujibu "Yes, I'll". Sentensi ikiishia hapo, neno linasimama zima: "Yes, I will." Shuleni tulilijua hilo kama kanuni ya mtihani. Mimi nililijua chumba namba tisa.

Desemba iliyopita nilipata likizo ya wiki tatu kwenda nyumbani. Jioni ya mwisho nilimvua bibi sweta lake, nikalitundika, nikavuta mapazia. Tangu nyonga ile hatembei peke yake, na mtu akiondoka machoni pake hana hakika kama atarudi. Alinishika kifundo cha mkono. "You'll come back," akasema, akanyamaza. "Won't you?"

Nilikuwa na majibu mengi mepesi mdomoni wakati huo. I'll be back. I'll see you soon. Ndiyo maneno tunayoyatupa mlangoni kila siku. Nikamwangalia nikasema, "I will." Akaniachia mkono.

Nilirudi Jumatatu, saa moja asubuhi, kiza bado. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, amejivalisha mwenyewe lile sweta la zambarau, vifungo vimeingia matundu yasiyo yake, upande mmoja juu, upande mmoja chini. Nikapiga magoti mbele yake.

"I'll do you up," nikamwambia.

Akainua kidevu ili nifikie kifungo cha juu.